Mheshimiwa Kiganjani

Msusi huyu alijiita Mkono Mwepesi kabla watu hawajamwita hivyo, na hilo ndilo la kwanza la kujua juu yake. Aliliandikisha jina juu ya mlango wa saluni kwa rangi ya waridi, herufi kubwa, halafu akakaa kungoja mtaa ulizoee, na mtaa ukalizoea. Hakuwa anatia chumvi sana. Mkono alikuwa nao. Wanawake walivuka mitaa mitatu kuja kukalia kiti chake cha plastiki, na wakiinuka hapo hawakuhitaji kidonge cha kichwa. Ila sifa yake kubwa ilikuwa watoto. Mtoto aliyewashinda wote, aliyemng'ata msusi wa mtaa wa juu, aliletwa kwake. Yeye angembana katikati ya magoti, amshike kichwa kwa kiganja kimoja, aanze mstari wa kwanza bila hata kumwambia pole. "Huyu atalia mistari mitatu," angemwambia mama mtu. "Wa nne haufiki, keshatulia." Na kweli, mtoto alitulia.

Nyuma ya saluni palikuwa na sebule na vyumba viwili, na humo aliishi na binti wa kaka yake. Kaka mtu ni dereva wa malori ya masafa marefu, hulala barabarani zaidi kuliko kitandani, na mkewe alipofariki hakukuwa na la kujadili: mtoto akaletwa kwa shangazi yake akiwa na miaka minane, begi moja na maneno machache. Sasa ana miaka kumi na miwili. Mabegi yameongezeka, maneno bado. Darasani hanyanyui mkono. Dukani hunyoosha kidole. Shangazi, mwenye maneno ya kuwatosha wote wawili na jirani akabakiziwa, alimpenda huyo mtoto kupita kiasi. Nalisema mapema, maana nitakayosimulia huko mbele yanaweza kumfanya mtu adhani vingine.

Kinyonga alitoka kwenye ua wa shule. Walikuja mafundi kupunguza ua, wakakusanya matawi rundo moja, na mtoto akapita akaona tawi lina macho. Alikuwa mdogo, hazidi kidole cha mwisho. Mwalimu wa sayansi, kijana mmoja mwenye miwani na subira, akamwambia: mlee, andika kila unachokiona, na siku ya maonyesho ya shule utasimama mbele ya wazazi ueleze. Mtoto akasema ndiyo. Mwalimu alimsimulia Shangazi baadaye kwamba ilibidi aulize mara ya pili, hakuamini masikio yake.

Shangazi naye hakuamini. Mtoto ambaye hajawahi kumaliza sentensi mbele ya watu wanne, asimame mbele ya ukumbi? Usiku ule, mtoto alipokwisha kulala, Shangazi alikaa sebuleni akatokwa na machozi ya furaha, akajipangusa na taulo la saluni. Kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa inaisubiri siku hiyo moja.

Mtoto akatengeneza makazi kwa kasha la mbao lililokuwa limefungashiwa vioo, akaligongelea wavu wa dirisha, akapanga matawi ndani, akaliweka dirishani chumbani kwake. Chupa ya kupulizia maji ilitoka saluni, maana kinyonga hanywi bakulini, anaramba matone kwenye majani. Jina alilitoa Shangazi. Alimtazama akivuka tawi, hatua moja, anasita, anayumba, jicho moja linakagua kulia na la pili linakagua kushoto, akasema, "Huyu ni Mheshimiwa. Tazama, anangoja apigiwe makofi ndipo aendelee." Jina likamganda.

Kumzoesha mkono kulichukua wiki saba, na Shangazi alizishuhudia zote akiwa kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Wiki ya kwanza mtoto alikaa tu mbele ya kasha, dakika ishirini kila akirudi shule, hafanyi lolote.

"Mnatazamana tu?" Shangazi aliuliza.

"Anazoea uso wangu."

Wiki ya pili akaingiza mkono, akaulaza chini ya tawi, akauacha hapo mpaka ukafa ganzi. Mheshimiwa akavimba, akawa mweusi, akaachama na kutoa sauti ya tairi linalovuja. Mtoto hakuusogeza mkono mbele wala nyuma. Wiki ya nne kinyonga alifyatua ulimi akanyakua panzi kwenye vidole vyake, na siku hiyo mtoto alizungumza mfululizo mpaka chakula kikapoa mezani. Wiki ya sita mguu mmoja ulikanyaga kidole, ukarudi. Wiki ya saba, siku ya Jumanne, Mheshimiwa alishuka mwenyewe tawini, akapanda kiganjani miguu yote minne, kijani chake kibichi hakikubadilika hata kidogo, akaendelea na safari mpaka kwenye kiwiko.

"Umeona, Shangazi?" mtoto alinong'ona. "Sikumchukua. Amekuja mwenyewe."

Shangazi aliona. Alifurahi, na tusifichane, aliona pia kijiwivu. Mkono ndio kazi yake, mkono ndio jina lake mlangoni, na sasa kuna mkono mwingine humo humo ndani unaofanya maajabu bila yeye. Alikunywa chai yake akaenda kuosha kikombe.

Halafu ikaja likizo fupi. Baba mtu alipata mapumziko ya siku tisa, akampigia simu binti yake aende wakae pamoja. Mtoto alitaka kwenda na hakutaka kwenda. Usiku wa mwisho alimkabidhi Shangazi karatasi, mwandiko safi: maji asubuhi na jioni, nzi au panzi, kasha lisikae kwenye jua kali. Chini yake alikuwa amepiga mstari mara mbili: usimshike.

"Na ukitaka sana," alisema, "weka mkono chini yake usubiri. Usimtoe kwa juu. Ndege humjia kwa juu, ndiyo maana anaogopa. Akikataa, mwache."

"Mwanangu, mimi nimeshika vichwa elfu na zaidi."

"Vichwa havina mkia," mtoto akasema, na wakacheka wote wawili mpaka Shangazi akashika ubavu, maana utani wa mtoto huyu ni kitu cha mara moja kwa mwaka.

Siku mbili za mwanzo Shangazi alitii. Alipuliza maji, akakimbiza nzi saluni kwa kikombe, akaweka mkono chini ya tawi akasubiri. Alisubiri dakika kumi. Mheshimiwa alimpa mgongo. Simu ikaita, kumbe bibi harusi na wapambe wake wameshafika na wanaulizia maji ya moto. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu akasema, kwa sauti, chumba kizima kikiwa na kinyonga mmoja wa kumsikiliza, "Kwani mimi nimekosa kazi, nikae hapa nimngojee mjusi apange safari?" Akaingiza mkono kwa juu, akambandua tawini. Miguu iling'ang'ania, akaifungua mmoja mmoja, na ana vidole vya kazi hiyo. Akamtia kwenye kopo la keki lenye matundu, akaenda naye saluni.

Hakuwa na nia mbaya. Wazo lake lilikuwa hili: mtoto akirudi amkute Mheshimiwa amezoea watu, amezoea kelele, ili siku ya maonyesho asishtuke. Lilikuwa wazo zuri kulisikia, na aliwaeleza wateja wake hivyo hivyo, akashangiliwa. Wawili walikimbilia mlangoni kwanza, wakarudi walipoona hakuna aliyeumwa. Alimfumbata kiganjani, kidole gumba juu ya mgongo, asiteleze. Mheshimiwa akawa mweusi tititi, akaachama, akapuliza, akajinyonganyonga. "Mistari mitatu," Shangazi alisema. "Ngojeni." Wakangoja. Baada ya robo saa mwili ulilegea. Jicho la kulia likafumba, halafu la kushoto.

"Ebo, amelala," akasema mwenye duka la vyombo, mteja wake wa siku nyingi, ambaye mwanawe anasoma shule hiyo hiyo.

"Fofofo," Shangazi alisema. "Mtoto wangu alihangaika wiki saba. Mimi siku moja."

Nasikia aibu kuyaandika maneno hayo, lakini ndiyo aliyoyasema, na alivimba kichwa alipoyasema. Kwa siku saba Mheshimiwa alikwenda kazini na msusi. Alipita mikono ya watu. Walimwekea taulo jekundu chini yake waone kama atakuwa mwekundu, wakamwekea la njano, akabaki mweusi, wakasema ni kwa sababu viti ni vyeusi. Msichana mmoja alipigwa picha akiwa amembandika kwenye nywele kama kibanio. Na kila mara, mkono wa Shangazi ukimfunika, macho yalifumba, tena siku za mwisho hata robo saa haikufika. Jioni alimrudisha kwenye kasha lake akampulizia maji. Hakunywa sana. Shangazi aliliona hilo, akajiambia joto limepungua.

Mtoto alirudi Jumapili mchana, hata viatu hakuvua. Shangazi alikuwa nyuma yake mlangoni, tabasamu tayari usoni, anangoja kumwambia habari yake nzuri. Mtoto aliweka mkono chini ya tawi. Mheshimiwa alirudi nyuma mpaka mkia ukagusa wavu, akavimba, akawa rangi ya mkaa, akaachama. Mtoto akangoja. Kinyonga akajibanza kwenye kona ya juu kabisa, akageuza mwili akawa mwembamba nyuma ya tawi, asionekane.

"Shangazi, kuna kitu kilitokea?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja lingetosha. Lakini Shangazi alishauona ule mkono mwembamba ukirudi kutoka kashani polepole, mtupu, akaelewa, si yote, ila ya kutosha. Na mdomo wake, uliozoea kuwahi, ukawahi.

"Hakuna kitu. Labda amekusahau."

"Amenisahau," mtoto akarudia. Hakuuliza, alilipokea tu. Akakaa kitandani na viatu vyake. "Nisingekwenda."

Shangazi aliondoka akaenda kufagia saluni iliyokuwa imeshafagiliwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alijua kusema uongo wa kawaida, ule wa kumwambia mteja nakumalizia sasa hivi. Huu haukuwa huo. Huu alikuwa amemtwika mtoto.

Zilibaki siku tano za shule kabla ya maonyesho. Kila siku mtoto alitoka shule akaenda moja kwa moja kwenye kasha, akaanza upya, uso kwanza, mkono baadaye. Kila siku Shangazi alikwenda na panzi kwenye kikombe, panzi wakubwa, aliowatafuta mwenyewe kwenye nyasi za nyuma ya karakana akiwa ameinama na kitenge mbele ya mafundi wanaomcheka, na kila siku alijiambia leo namwambia. Jumatatu alifika mpaka "unajua, mwanangu," akamalizia kwa kuuliza kama amekula. Jumatano mwenye duka la vyombo alikuja kusukwa, akauliza, "Yuko wapi yule mlala fofofo?" na Shangazi akawasha draya ya nywele ingawa kichwa kilikuwa kikavu. Alhamisi mtoto alisema, "Leo amekula panzi karibu na mkono wangu. Labda ananikumbuka kidogo." Shangazi alisema vizuri sana, akaingia bafuni akafungua bomba.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Shangazi alikaa safu ya tatu, gauni lake la harusi za watu, mikono imeshikana mapajani. Pembeni yake alijibwaga mwenye duka la vyombo na mfuko wake wa karanga. Wakaonyesha volkano ya unga, wakaonyesha taa ya betri ya viazi, ndipo mwalimu wa miwani akaliita jina la binti.

Alisimama. Kasha mezani, daftari limefunguliwa pembeni, kipaza sauti kimeshushwa kimo chake. Sauti yake mwanzoni haikufika safu ya tatu. Kisha ikafika. Akaeleza ua uliokatwa, matone kwenye majani, wiki saba. Alimaliza sentensi, akaanza nyingine, akaimaliza nayo. Shangazi alisahau kuvuta pumzi. "Sasa nitaweka mkono," mtoto alisema, "na kama hana hofu, atakuja mwenyewe."

Aliweka mkono. Mheshimiwa aliwaona watu mia mbili, akaona mkono, akawa mweusi, akaachama. Ile pumzi ya tairi ilisikika kwenye kipaza sauti, na watoto wa mbele wakaangua kicheko. Mtoto alingoja. Kicheko kiliisha, kikabaki kikohozi, kikabaki kiti kinacholia. Bado alingoja, mkono umetulia. Kisha akautoa.

"Alikuwa anakuja," alisema. "Nilimwacha siku tisa. Mnyama ukimwacha anakusahau. Ni kosa langu."

Alilisema kwa kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima. Shangazi alitamani sakafu ipasuke. Aliweka mikono kwenye kiti cha mbele ili ainuke aseme, haki ya nani alitaka kusema, magoti yalikuwa yameshaanza kunyooka, ndipo mwenye duka la vyombo akasimama kabla yake na karanga zake.

"Mwalimu, muiteni shangazi yake. Yeye anamweza. Saluni alikuwa anamshika wiki nzima, analala kabisa."

Watu waligeuka. Mwalimu akatabasamu, akaona njia ya kumwokoa mwanafunzi wake. "Kumbe tunaye mtaalamu. Shangazi, karibu mbele." Makofi. Shangazi alipanda ngazi tatu za jukwaa na hakumtazama mtoto. Njiani alikuwa na jambo moja kichwani, kusema ukweli, na lilikuwepo kichwani mpaka alipofika mezani. Pale mezani aliona watu wote wale wakingoja kufurahi, akaona mtoto aliyeaibika mbele yao, na akafikiri, naapa alifikiri hivi, kwamba kinyonga akitulia sasa hivi mtoto ataokoka, ukweli atausema nyumbani. Mkono ukaenda. Ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kila siku, kwa juu.

Mheshimiwa hakupuliza hata kidogo. Mkono ulipomfunika alilegea hapo hapo, na macho yakafumba, la kulia, halafu la kushoto.

Ukumbi ulipiga makofi kwa nguvu. Mwenye duka la vyombo alipiga kuliko wote. Mtoto alikuwa ameutazama mkono wa Shangazi tangu uliponyanyuka, akautazama unavyoingia kashani na unavyozifungua zile kucha tawini moja moja bila kuhangaika. Uso wake haukuonyesha hasira. Alikuwa anaelewa, na Shangazi alisimama hapo akimwona anaelewa, na kinyonga mkononi.

"Endelea basi," mwalimu akamwambia mtoto kwa upole. "Ukurasa unaofuata."

Daftari lilikuwa wazi kati yao. Ukurasa unaofuata ulikuwa na kichwa cha habari kilichopigwa mstari kwa rula: Dalili za kinyonga mwenye hofu. Ya kwanza, rangi kuwa nyeusi. Ya pili, kuachama na kupuliza. Ya tatu ilikuwa na maneno mengi kidogo, na Shangazi aliyasoma yote kwa sababu hakuwa na pa kupeleka macho: Kufumba macho mchana. Watu wengi hudhani amelala. Hajalala. Ameogopa sana na ameona hawezi kujitoa.

Mtoto aliutazama ukurasa. Aliutazama ukumbi uliokuwa bado unatabasamu, akamtazama Shangazi na gauni lake. Kisha akafunua kurasa mbili kwa mpigo, akavuta pumzi, akasoma kuhusu chakula, kwamba kinyonga mdogo hula nzi saba mpaka kumi kwa siku. Hakukosea neno. Alimaliza, akapigiwa makofi, akapewa nafasi ya pili na kamusi mpya, na wazazi wa watu wakampongeza Shangazi kwa mikono yake.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kasha kati yao, kila mmoja kashika upande wake. Chumbani mtoto alilirudisha kasha dirishani, akalifunika nusu kwa khanga ili pawe na giza kidogo. Shangazi alibaki kwenye kizingiti.

"Nilimshika," alisema.

"Najua."

"Siku saba. Nilimpeleka saluni. Watu walimshikashika. Na uliporudi nikakudanganya, nikakuacha ujilaumu. Kosa si lako. Mimi ndiye niliyemharibu."

Mtoto aliendelea kunyoosha pindo la khanga. "Tutaanza tena," alisema. "Mimi na yeye." Akafikiri. "Naomba usiingie chumbani kwangu kwa muda, Shangazi. Maji nitampa mwenyewe."

Alilisema kwa adabu, na naomba mbele. Shangazi aliitikia. Alitaka kupigiwa kelele, lingekuwa afadhali. "Ule ukurasa," alisema. "Kwa nini uliuruka?"

Mtoto alichukua chupa akaanza kupuliza maji kwenye majani, na Shangazi akarudi sebuleni.

Jumapili jioni mtoto alileta kigoda bila kuitwa, maana kesho yake ilikuwa shule na nywele lazima ziwe zimesukwa. Akakaa kati ya magoti ya Shangazi, mgongo kwake. Jumapili zote za miaka minne zilikwenda hivyo. Kwa kawaida Shangazi huongea mwanzo mpaka mwisho, na jirani akichungulia mlangoni humwambia apunguze sauti, mtoto wangu kasinzia, huyu mkono wangu humlaza kama kidonge. Leo hakuwa na la kuongea. Alichambua nywele kwa chanuo, akagawa, akashika kichwa kwa kiganja cha kushoto, akavuta mstari wa kwanza. Kwa kuwa hakuongea, alitazama. Kioo kidogo cha ukutani kilikuwa mbele yao, na ndani yake mtoto alikuwa amefumba macho. Kope zilikuwa zimekazwa. Mikono miwili ilikuwa imekamata pindo la sketi.

Shangazi alisimamisha vidole.

"Umesinzia?"

"Hapana, Shangazi."

"Nakuumiza?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

Nje mtu alipita na redio, ikafifia. Shangazi alijaribu kuhesabu Jumapili za miaka minne, akashindwa. "Kwa nini hukuniambia, mama yangu? Neno moja tu?"

Mtoto hakugeuka wala hakufumbua macho. "Ulikuwa umeshawaambia watu ninasinzia," alisema. "Sikutaka uonekane muongo."

Shangazi alivitoa vidole vyake kwenye nywele, kimoja kimoja, akaviweka mapajani.